Mbao nene haziangalii kalenda

Tangu watu wa hapa Chepseon wajue kwamba nilisomea kompyuta chuo kikuu, wazee wananiuliza swali moja: "Kijana, hiyo kompyuta yako itatusaidia nini sisi wenye miti?" Ni swali zuri, na halijajibiwa vizuri na watu wa fani yangu.

Wenzangu waunda programu wana jibu ambalo hulitoa hata kabla swali halijaisha. Tengeneza programu ya simu, mwenye miti aweke picha, mnunuzi wa Nakuru au Nairobi aione, walipane kwa M-Pesa, broka afe njaa. Nimeona michoro ya programu za namna hii kwenye mashindano ya wavumbuzi mara nyingi, na kila mara kuna mtu wa kuipigia makofi. Lakini ubao mbichi ukiuzwa kwa simu unabaki kuwa ubao mbichi. Utapinda uleule, utapasuka uleule, na mwenye shamba atalipwa bei ileile ya mbichi. Tofauti ni kwamba sasa ametumia bando.

Maoni yangu ni haya, na nitajaribu kuyatetea. Shida kubwa ya mbao zetu laini, yaani saipresi na msonobari, si soko. Ni ukaushaji, hasa wa mbao nene za inchi 2 kwenda juu. Na dawa ya ukaushaji mbaya si tanuri kubwa zaidi wala moto mkali zaidi. Dawa ni kupima. Hapo ndipo mtu wa kompyuta anaweza kusaidia kweli, na kwa pesa kidogo.

Kwa nini jambo hili ni la sasa

Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Agizo lililotangazwa kuwa la siku 90 liliongezwa tena na tena, mpaka Julai 2023 Rais William Ruto alipotangaza kuliondoa, na mabishano ya mahakamani yakafuata. Katika miaka hiyo wauza mbao waligeukia mashamba ya watu binafsi na mbao kutoka Tanzania. Huku kwetu kwenye barabara ya Nakuru kwenda Kericho, mtu mwenye mistari michache ya saipresi mpakani mwa shamba alijikuta anatembelewa na wanunuzi kila wiki.

Miti mingi ya mashambani hukatwa ikiwa bado michanga, kwa sababu karo ya shule haingoji mti ukomae. Mbao za mti mchanga zina tabia mbaya mbili. Nyuzi zake mara nyingi zimezunguka shina kama kamba iliyosokotwa, kwa hiyo ubao ukikauka unajisokota. Tena hunywea kwa urefu kuliko mbao za mti mkomavu, kwa hiyo ubao wenye upande mchanga na upande mkomavu hupinda kama upinde. Mbao za namna hii ndizo zinazohitaji ukaushaji wa makini zaidi, na ndizo zinazopelekwa sokoni mbichi au zikiwa zimeanikwa juma moja kando ya barabara.

Mama yangu alinunua mbao za miimo ya milango kwa muuzaji mmoja aliyeapa kwamba zimekaushwa kwa tanuri. Kwa juu zilikuwa kavu kabisa, hata sauti yake ukizigonga ilikuwa nzuri. Fundi alipozipasua katikati, ndani zilikuwa na unyevu wa kuhisi kwa kidole, na vipande viwili vilivyotoka kwenye ubao mmoja vikaanza kujikunja mbele ya macho yetu. Sidhani muuzaji alidanganya kwa makusudi. Huenda ziliingia kwenye tanuri kweli. Zilikaushwa ganda tu.

Maji yanakaa wapi

Tuelewane kwanza kuhusu hesabu, maana watu wengi hugombana hapa bure. Unyevu wa mbao hupimwa kwa kulinganisha uzito wa maji na uzito wa mbao iliyokauka kabisa, si uzito wa jumla. Ndiyo maana ubao mbichi unaweza kuwa na unyevu wa asilimia 100 au zaidi, na hakuna muujiza hapo. Viwanda vya chai hutumia hesabu nyingine, ya maji juu ya uzito wote. Ukichanganya hesabu hizi mbili kwenye programu yako, utaharibu mbao za watu huku kompyuta ikikuambia kila kitu ki sawa.

Chukua mfano. Tuseme mita moja ya ujazo ya saipresi ina kilo 400 za mbao kavu na unyevu wa asilimia 100. Kuishusha hadi asilimia 12 ni kuondoa kilo 352 za maji, karibu mapipa mawili ya lita 200. Hayo yote lazima yatoke katikati ya ubao, yafike juu, kisha yachukuliwe na hewa.

Maji hayo si ya aina moja. Kuna yanayojaa ndani ya vishimo vya seli, na kuna yaliyoshikwa na kuta za seli zenyewe. Ya kwanza hutoka bila ubao kubadili umbo. Ya pili yanapoanza kutoka, unyevu ukifika karibu asilimia 28 hadi 30, ndipo mbao huanza kunywea. Mmarekani Harry Tiemann aliliandika jambo hili mwaka 1906, na baadaye katika maabara ya mazao ya misitu iliyofunguliwa Madison, Wisconsin, mwaka 1910, akaendeleza matanuri yanayotawala unyevu wa hewa badala ya joto peke yake. Ni zaidi ya miaka mia moja sasa. Kwa hiyo hakuna siri. Sayansi ipo, ila haijafika kwenye matanuri yetu ya kando ya barabara.

Unene unabadilisha kila kitu

Ubao wa inchi 1 unasamehe makosa mengi. Wa inchi 2 hausamehi. Kwa makadirio yanayotumika sana, muda wa kukausha huongezeka kwa unene uliopandishwa kwa kipeo cha 1.5 hivi. Maana yake ni kwamba ubao wa inchi 1 ukikauka kwa siku 5, wa inchi 2 wa mti uleule, katika hali ileile, utataka karibu siku 14, na wa inchi 4 karibu siku 40. Mtu anayedhani unene ukizidi mara mbili muda nao unazidi mara mbili, atatoa mbao zake siku ya 10 na kuziita kavu.

Akiona zinachelewa, anaongeza moto, na hapo ndipo anapoharibu. Hewa moto na kavu hunyonya maji ya juu kwa kasi kuliko yanavyoweza kutoka katikati. Ganda linataka kunywea, lakini tumbo la ubao bado limejaa maji na linakataa. Ganda linavutika, ama linapasuka, ama linakaza likiwa limenyoshwa. Baadaye tumbo nalo linakauka na kutaka kunywea, ganda lililokaza linalizuia, mvutano unageuka na kuingia ndani. Ubao huo ukiutazama ni mzima. Ukiupasua katikati, mvutano unaachiliwa na vipande vinakumbatiana kama vilivyofanya vya mama.

Kwa upande mwingine, kwenda polepole mno nako kuna gharama yake. Msonobari ukikaa na unyevu mwingi katika joto la wastani, kuvu la bluu huingia. Halipunguzi sana nguvu ya ubao, lakini mnunuzi wa samani hataki kuliona. Kwa hiyo kuna njia nyembamba kati ya haraka na uzembe, na hakuna mtu anayeweza kuipita gizani kwa kuhesabu siku.

Chai inajua, mbao hatujui

Kinachonishangaza ni kwamba sisi watu wa Kericho si wageni wa kukausha. Kiwanda cha chai ni kiwanda cha kutoa maji kwenye majani. Majani hunyaushwa kwanza kwa hewa ya taratibu, ndipo yasagwe, yageuke rangi, yaingie kwenye mashine ya moto na kutoka yakiwa na unyevu wa karibu asilimia 3. Mwendesha mashine yeyote wa chai atakuambia kwamba hewa ya kuingilia ikiwa moto kupita kiasi, punje ya chai hukauka juu na kubaki na maji ndani, na chai hiyo itaharibika ikiwa gunia. Ni ugonjwa uleule wa ubao wangu. Lakini kiwandani wanapima, wanaandika na kurekebisha. Hakuna meneja atakayekubali chai itolewe kwa sababu "imekaa siku za kutosha".

Mbao ni zao kama chai. Kwa nini zao moja lipimwe kila saa na jingine likisiwe?

Ninachopendekeza

Haya si mambo ya kigeni wala ya mamilioni. Nayapanga kwa umuhimu.

1. Pima uzito. Chagua mbao chache za mfano, zikiwemo nene zaidi na mbichi zaidi. Kata kipande kidogo mbali kidogo na ncha, kipime, kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka kisipungue tena, kipime tena. Tuseme kilikuwa gramu 180 kikawa 100. Unyevu ni asilimia 80. Kama ubao uliobaki una kilo 10, basi mbao kavu ndani yake ni kilo 10 gawanya kwa 1.8, yaani kilo 5.56. Tangu hapo huhitaji kuukata tena. Siku utakapopima kilo 6.67, unyevu umefika asilimia 20. Hesabu hii inaweza kufanywa na simu ya bei ya chini kabisa, au na kalamu.

2. Tawala hewa, si moto peke yake. Vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kingine kimefungwa kitambaa chenye maji safi, vitakuambia hewa ina kiu kiasi gani. Tofauti kati yao ikiwa ndogo, hewa imeshiba. Ikiwa kubwa, hewa inanyonya. Kwa mbao nene anza na tofauti ndogo, nyuzi 3 au 4, na uiongeze kadiri ubao unavyokauka. Tahadhari moja kwa wanaopakua majedwali: mengi yametengenezwa kwa usawa wa bahari, na sisi tuko juu kwenye hewa nyepesi. Katika joto la tanuri la jua, jedwali la pwani linaweza kukuonyesha hewa kavu kuliko ilivyo kwa asilimia 2 au 3. Programu inaweza kurekebisha hilo kwa mstari mmoja.

3. Ubao ulio mbichi zaidi ndio uamue. Hapa ndipo programu inapoingia, nayo ni fupi kiasi cha kuchekesha:

kama unyevu wa ubao mbichi zaidi umezidi 40, tofauti iwe nyuzi 4;
kama uko kati ya 30 na 40, tofauti iwe nyuzi 6;
kama uko chini ya 30, ongeza joto na tofauti kidogo kidogo;
kama ubao wowote umepungua uzito kupita kiwango cha siku, rudi nyuma hatua moja.

Namba hizi ni za kuanzia tu, kila tanuri na kila mti vitazirekebisha. Lakini tazama kilichokosekana kwenye orodha hiyo: hakuna tarehe. Mbao haziangalii kalenda.

4. Usisahau mwisho. Mbao zikifika kiwango, zisitolewe mara moja. Zipewe hewa ya kusawazisha ili zilizotangulia zingoje zilizochelewa, kisha mvuke kidogo ili ganda lilegee na mvutano uishe. Pasua kipande kimoja kama uma wa meno mawili. Meno yakikumbatiana, bado. Yakisimama wima, umemaliza.

5. Andika. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na walisema kabla hatujazaliwa sisi wa kuhifadhi data. Uzito, joto la vipimajoto viwili, saa, umeme ulipokatika. Baada ya mizigo kumi una ratiba ya saipresi ya Chepseon, ambayo hakuna kitabu cha ng'ambo kitakuuzia.

Na kabla ya yote hayo, panga mbao kwa vijiti vya unene sawa, vilivyosimama mstari mmoja juu hadi chini, uweke mzigo mzito juu. Kompyuta haiwezi kunyoosha ubao uliopangwa kizembe.

Pingamizi nilizosikia

Ya kwanza: umeme wetu hauaminiki. Kweli. Ndiyo maana kifaa kiwe kidogo cha kutumia betri, na mfumo uwe na adabu ukizimika: moto uzimwe, matundu ya hewa yafungwe, mbao zibaki kwenye unyevu wake mpaka feni zirudi. Saa chache za kuchelewa zinavumilika. Saa chache za hewa kavu isiyosimamiwa zinapasua.

Ya pili: vihisio vya bei rahisi vinakufa. Kweli pia. Joto na mvuke vinavizeesha upesi, tena havifi kwa kelele, vinaanza kudanganya polepole. Kwa hiyo sipendekezi kuviamini peke yake. Kipimajoto chenye kitambaa chenye maji ni cha zamani lakini ni kweli, na mizani huwa haidanganyi. Mtu wa programu asiyependa kitu kisicho na waya atulie hapa ajifunze.

Ya tatu ni nzito zaidi: mnunuzi halipi zaidi kwa ubao mkavu. Lakini jiulize kwa nini. Hana njia ya kujua. Neno "kavu" likiwa halina kipimo, kila ubao ni mkavu siku ya kuuzwa, na mtu mwaminifu anapata bei ya mwongo. Muuzaji akichoma pini za mita ya unyevu ndani ya ubao mbele ya mteja, tena pini ndefu zifike katikati, bei zitaanza kutengana zenyewe. Fundi wa paa anayejua kwamba mbao ziko chini ya asilimia 20, au wa milango anayejua ziko kati ya 12 na 15, hatarudi kurekebisha kazi bure. Hilo analilipia.

Ya nne huja kutoka kwa wazee: mafundi wetu wanajua ubao kwa mkono na sikio. Nawaheshimu, na sitaki kuwaondoa. Mkono unajua ganda vizuri kuliko kifaa chochote. Tumbo la ubao wa inchi 3 ndilo ambalo mkono haulifikii.

Tuanzie wapi

Simwambii mkulima mmoja mwenye miti 60 ajenge tanuri. Hii ni kazi ya kikundi, kama tulivyozoea kukusanya chai na maziwa. Tanuri la jua, lenye fremu, karatasi ya plastiki, mabati meusi na feni, linatosha kuanza. Lina faida ambayo watu hawaitaji: usiku linapopoa, unyevu wa hewa ndani hupanda na mbao hupata kupumzika, mvutano ukapungua. Ni polepole kuliko la boila, na mvua zetu za alasiri hazilisaidii. Lakini kwa mbao nene upole ni sehemu ya dawa.

Maarifa nayo hayako mbali. Londiani, hapo juu kidogo tu, kuna kituo cha taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, na kuna Chuo cha Misitu cha Kenya. Kikundi kikienda pale na maswali yenye namba ndani yake kitapata majibu ya maana kuliko kikienda kulalamika kuhusu broka.

Nikirudi kwa wenzangu wa kompyuta: tumefundishwa kwamba kazi yetu ni skrini. Nadhani imetufanya wavivu. Ukizunguka vijiji vya hapa utakuta kazi za kupima kila mahali, kwenye mahindi yanayooza ghalani, maziwa yanayokataliwa, kuni za boila zinazochomwa zikiwa mbichi, na mbao hizi. Hazina picha nzuri za kuonyesha kwenye mashindano. Zinahitaji mizani, daftari, na mtu wa kuandika mistari 50 ya programu kisha akae nayo msimu mzima ikiwa na vumbi.

Mimi naona mkulima wa Chepseon anauza maji. Anayabeba ndani ya magogo mpaka mjini, analipa usafiri wake, na anapewa bei ya hasara kwa sababu ya hayo maji. Tukimsaidia kuyaacha hapa hapa, polepole na kwa kipimo, tumemsaidia kuliko programu mia za soko. Mwenye maoni tofauti na alete hoja, nitazisoma zote. Ila aje na mizani.